Yaliyopita Si Ndwele?

Miongoni mwa methali ambazo Waswahili huzitumia kufunga mazungumzo magumu, ni chache zinazotajwa kama hii: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeisikia barazani, nimeisikia katika vikao vya kusuluhisha ndoa, nimeisikia ndugu walipokuwa wakigawana mirathi. Ni methali ya watu wenye busara, wanaojua kwamba maisha hayasongi iwapo kila mtu atakaa akihesabu aliyokosewa tangu utotoni. Hata hivyo, kadiri umri wangu unavyosogea ndivyo ninavyozidi kujiuliza swali moja juu yake. Ni nani mwenye haki ya kuitamka? Ni yule aliyetenda, ni yule aliyetendewa, au ni jirani aliyekuwa akitazama?

Swali hili nitalijadili kwa kutazama vita vilivyopiganwa mbali na kwetu, yaani Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865. Nimechagua vya mbali kwa makusudi. Mtu huona upesi zaidi takataka zilizo katika ua wa jirani. Na akishaziona huko, huenda akarudi nyumbani akiwa na macho yaliyozoea kutazama.

Katika miaka yangu ya kufundisha chuo cha ualimu, walimu wanafunzi wa somo la historia walizoea kueleza chanzo cha vita hivyo kwa orodha. Waliandika: ushuru wa forodha, tofauti kati ya viwanda vya Kaskazini na kilimo cha Kusini, haki za majimbo, utumwa, na kuchaguliwa kwa Abraham Lincoln. Orodha ya namna hiyo humpatia mtu alama za mtihani, lakini huweka mambo yote katika mstari mmoja kana kwamba yana uzito sawa. Nilikuwa nikiwauliza: hizo haki za majimbo zilikuwa haki za kufanya nini? Na katika kilimo hicho, jembe lilishikwa na nani? Ukiuliza hivyo mara mbili tatu, orodha nzima hurudi kwenye neno moja.

Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu watu zaidi ya milioni 31 nchini Marekani. Kati yao karibu milioni 4 walikuwa watumwa. Watu hao walikuwa mali kwa mujibu wa sheria: waliuzwa, waliwekwa rehani, walirithishwa pamoja na ng'ombe na viti. Pamba waliyoilima ilileta zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo nchi ile iliuza nje. Lincoln, alipochaguliwa Novemba 1860, hakuahidi kufuta utumwa pale ulipokuwapo. Aliahidi kuuzuia usienee katika maeneo mapya ya magharibi. Hilo peke yake liliwatosha mamwinyi wa pamba. South Carolina ilijitenga Desemba mwaka huohuo, na kabla Lincoln hajaapishwa Machi 1861, majimbo saba yalikuwa yamekwisha kujitoa. Mwishowe yalifika 11.

Wala hawakuficha sababu. Jimbo la Mississippi, lilipotoa tamko la kujitenga, lilieleza waziwazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Na Machi 1861, katika mji wa Savannah, jimboni Georgia, Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho la Kusini, alihutubia umati wa watu. Aliwaambia kwamba serikali yao mpya imejengwa juu ya jiwe la msingi hili: mtu mweusi si sawa na mtu mweupe, na utumwa ndiyo hali yake ya asili. Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo. Watu huwa wakweli sana juu ya nia zao wanapotarajia kushinda.

Lakini hawakushinda. Baada ya miaka minne na vifo vya wanajeshi wasiopungua 600,000, Jenerali Lee alisalimu amri Aprili 1865. Ndipo Stephens yuleyule alipoketi akaandika kitabu kikubwa chenye majuzuu mawili, akieleza kwamba ugomvi ulikuwa juu ya Katiba na mamlaka ya majimbo. Rais wake, Jefferson Davis, naye akaandika mengi ya namna hiyo mwaka 1881. Jiwe la msingi likafukiwa.

Hebu tusimame kidogo hapa, kwa kuwa jambo hili si dogo. Ukibadilisha jina la chanzo cha vita, umebadilisha pia orodha ya wadai. Kama vita vilikuwa juu ya utumwa, basi aliyekuwa mtumwa ni mhusika wa kwanza. Yeye ndiye wa kuulizwa amani iweje. Kama vita vilikuwa ugomvi wa ndugu wawili juu ya maana ya Katiba, basi ndugu hao wakishikana mikono mambo yamekwisha, na mtu mweusi hana cha kudai. Ni kitu kilichokuwapo karibu wakati ndugu wanapigana, kama kiti kilichovunjika.

Na kweli, kabla hajasahauliwa, mhusika huyo aliwahi kuulizwa. Ilikuwa Januari 12, 1865, katika mji uleule wa Savannah. Jenerali Sherman alikuwa ameuteka, na Waziri wa Vita, Edwin Stanton, alikuwa amefika kutoka Washington. Waliwaita viongozi weusi wa makanisa, watu 20, wakawataka waeleze wenyewe uhuru kwao ni nini na wanahitaji nini. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mzee wa miaka 67. Miaka minane tu nyuma alikuwa amejinunua yeye na mke wake kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Mzee huyo alijibu kwamba utumwa ni kuchukua kazi ya mtu kwa nguvu pasipo ridhaa yake, na kwamba njia iliyo bora kwao ni kupata ardhi na kuilima kwa mikono yao, mpaka waweze kuinunua iwe yao.

Hakuomba kisasi. Hakuomba nyumba ya bwana wake wala kiti chake. Siku nne baadaye Sherman alitoa amri iliyotenga ukanda wa pwani wa South Carolina, Georgia na sehemu ya Florida, kila familia ipate eneo lisilozidi ekari 40. Watu wapatao 40,000 walikwenda wakalima. Lakini Lincoln aliuawa mwezi wa Aprili, na mrithi wake, Andrew Johnson, akawasamehe wenye mashamba wa Kusini na kuagiza warudishiwe ardhi.

Kazi ya kuwapasha wakulima habari hiyo alipewa Jenerali Oliver Howard, mkuu wa idara iliyoundwa kuwahudumia watu waliotoka utumwani. Alikuwa mtu mwema, aliyepoteza mkono wake wa kulia vitani mwaka 1862. Oktoba 1865 alikwenda katika kisiwa cha Edisto, akasimama mbele ya watu waliojaa kanisani, akawasihi wawasamehe mabwana wao wa zamani na kukubaliana nao kuhusu kazi. Kwa lugha yetu, aliwaambia yaliyopita si ndwele.

Watu wa Edisto walichagua kamati, na kamati ikamwandikia jenerali. Katika barua yao walimwambia kwamba yeye alipoteza mkono tu, tena vitani, na huenda anaweza kusamehe. Lakini mtu aliyemfunga mwenzake mtini na kumchapa viboko 39, akamvua nguo na kumpiga mama yake na dada yake, na ambaye sasa hamruhusu hata kulala katika kibanda kitupu mpaka akubali kumlimia kwa bei anayoitaka bwana, tena anakula njama na wenziwe ili asipate ardhi popote, mtu huyo hasameheki kwa urahisi.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi. Nguvu yake haiko katika viboko. Imo katika neno "sasa". Wale watu hawakukataa kusahau ya jana. Walikuwa wakisema kwamba jana haijapita. Mkono uliowapiga ulikuwa bado unashika hati ya shamba. Yaliyopita yanaweza yasiwe ndwele, lakini sharti kwanza yawe yamepita.

Kilichofuata kiliwapa haki. Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyothibitishwa Desemba 1865, yalifuta utumwa, isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la jinai. Mlango huo mdogo ukawa lango. Majimbo ya Kusini yalitunga sheria za uzururaji: mtu mweusi asiye na mkataba wa kazi alikamatwa, akatozwa faini asiyoweza kulipa, kisha akakodishwa kwa mwenye shamba au mgodi aliyemlipia. Wengine walilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, wakikopa mbegu na unga katika duka lake, na mwisho wa mwaka daftari likionyesha kwamba bado wanadaiwa.

Sisemi kwamba hakuna lililofanyika. Mwaka 1868 watu weusi walipata uraia, na mwaka 1870 wanaume wao walihakikishiwa kura. Shule zilifunguliwa, na vyuo vya kuandaa walimu kama Hampton, cha mwaka 1868, vikajaa vijana ambao wazazi wao waliadhibiwa kwa kujaribu kusoma. Hayo ni makubwa. Lakini baada ya uchaguzi uliozozaniwa wa mwaka 1876, vyama viwili vikubwa vilifikia maafikiano: mgombea wa Kaskazini, Rutherford Hayes, akapata urais, na mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliobaki wakilinda serikali za South Carolina na Louisiana wakaondolewa. Waliobaki nyuma bila mlinzi walijua maana yake. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi walioandikishwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Kati ya mwaka 1877 na 1950, watu weusi zaidi ya 4,000 waliuawa na magenge, wengi wao hadharani. Kura yao haikulindwa tena kwa dhati mpaka sheria ya mwaka 1965, miaka 100 baada ya vita.

Wahenga walisema fahari wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia yanayozipata nyasi siku fahari hao wanapopatana na kulisha pamoja. Julai 1913, miaka 50 baada ya mapigano ya Gettysburg, askari wa zamani zaidi ya 50,000 walikusanyika katika uwanja uleule. Wazee wa Kaskazini na wa Kusini walishikana mikono juu ya ukuta wa mawe ambao waliuaniana kwao. Rais Woodrow Wilson alihutubia, akausifu undugu uliorejea. Ni picha inayogusa moyo, nami sitaki kuibeza. Lakini katika mwaka huohuo serikali ya Wilson ilikuwa ikiwatenganisha wafanyakazi weusi na weupe katika ofisi zake. Watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare za jeshi la Kaskazini. Katika hotuba ile ya undugu, utumwa haukuwa na nafasi.

Pengine msomaji atauliza: ulitaka wafanyeje? Waendelee kuuana? Waninginizwe wote walioasi? Hilo ni swali la haki. Nchi yenye makaburi mengi kiasi kile ilihitaji kupumua. Lincoln mwenyewe, katika hotuba yake ya kuapishwa mara ya pili, Machi 1865, aliwataka watu wake wasiwe na chuki kwa mtu yeyote. Lakini katika hotuba hiyohiyo fupi alisema kwanza kwamba wote walijua utumwa ndio uliokuwa chanzo cha vita. Aliviweka viwili pamoja, huruma na ukweli. Waliokuja baada yake walichukua huruma wakauacha ukweli njiani.

Upole wenyewe haukuwa kosa. Davis alikaa kifungoni miaka miwili, akaachiliwa mwaka 1867, wala hakuhukumiwa kamwe kwa uhaini. Siwalaumu waliomwachilia. Kosa lilikuwa kwamba upole huo ulilipiwa na mtu mwingine. Ni rahisi kuwa karimu kwa mali ya mwenzako. Kaskazini ilimsamehe aliyeasi, ikamlipa kwa ekari 40 za mzee Frazier na wenzake.

Wala jambo hili halikuwa la Wamarekani peke yao. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 za fidia kwa mabwana. Katika mji wa Washington, Aprili 1862, bwana alipewa hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachiliwa. Mtumwa mwenyewe aliahidiwa hadi dola 100 iwapo tu angekubali kuihama nchi. Aliyeibiwa ndiye aliyetarajiwa kuondoka, na aliyeiba ndiye aliyelipwa.

Hapa ndipo tunapofika uani kwetu. Bibi yangu mzaa mama alikiita kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi "marekani", bila kuwaza jina hilo limetoka wapi. Lilitoka huko tunakozungumzia. Wafanyabiashara wa Salem, jimboni Massachusetts, walikuwa wakija Unguja tangu zama za Sultani Said, ambaye nchi yao ilifanya naye mkataba mwaka 1833. Pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini, ikauzwa Unguja, kisha wapagazi wakaibeba hadi bara kununulia pembe za ndovu. Na katika misafara iliyorudi pwani walikuwamo pia watu, wengine wakipelekwa kulima karafuu Unguja na Pemba. Shuka iliyoanzia katika jasho la mtumwa wa Mississippi iliweza kumalizikia katika biashara iliyomnyang'anya uhuru mtu wa Ziwa Nyasa.

Utumwa wetu nao ulikoma kwa sheria. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya Sultani ya mwaka 1897 iliwaruhusu watumwa wa Unguja na Pemba kudai uhuru mahakamani. Iliahidi fidia kwa mabwana. Aliyeachiliwa alitakiwa aonyeshe mahali pa kukaa na njia ya kujikimu, vinginevyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Huku Tanganyika sheria ilifika mwaka 1922. Msomaji ataona jinsi maneno yanavyofanana na yale ya Mississippi, ingawa bahari kuu imepita katikati.

Sisi hatukupigana vita vya kuung'oa utumwa, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kuepuka vita si sawa na kumaliza shauri. Hadi leo neno "mtumwa" likitamkwa katika ugomvi wa kijiji cha pwani, watu hunyamaza ghafla. Ziko familia ambamo mtoto akiuliza babu wa babu alitoka wapi, mazungumzo hubadilishwa. Anayeona aibu ni mjukuu wa aliyenyang'anywa. Mjukuu wa aliyenyang'anya haoni kwamba swali linamhusu. Aibu imekaa kwenye nyumba isiyo yake, na imekaa hapo kwa sababu tulisema mapema mno kwamba yaliyopita si ndwele.

Nikiwa mwalimu, nina neno moja kwa walimu wenzangu. Baada ya mwaka 1894 kulikuwa na chama cha mabinti wa askari wa Kusini ambacho kilifanya kazi kubwa moja: kuchunguza vitabu vya shule. Mwanahistoria wao, Mildred Rutherford, alitoa kijitabu cha kuwaongoza wakaguzi, akiagiza wakikatae kitabu chochote kinachosema Kusini ilipigana ili ibaki na watumwa wake. Walijenga pia sanamu. Ile ya Jenerali Lee mjini Richmond, iliyosimamishwa mwaka 1890, iliondolewa Septemba 2021. Sanamu ilihitaji winchi na siku moja. Kilichoandikwa katika vichwa vya watoto kwa vizazi vitatu au vinne hakina winchi ya kukinyanyua. Chama kile kilielewa kazi ya ualimu kuliko wengi wetu.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Methali yetu ni njema, lakini kuitamka ni haki ya aliyeumia, naye huitamka akiwa tayari, baada ya mkono kuondolewa shingoni mwake. Mtendaji hana ruhusa ya kuitamka. Jirani mwenye huruma, kama Jenerali Howard, naye hana, hata kama amepoteza mkono. Kazi yao wao ni nusu ya pili ya methali: kuganga. Na mganga yeyote, wa hospitali au wa miti shamba, huanza kwa kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, halafu hukaa kimya akasikiliza. Mzee Frazier aliulizwa, akajibu kwa ufasaha. Ugonjwa ulijulikana Januari 1865, na dawa ilitajwa. Ilitolewa kwa miezi michache, kisha mgonjwa akanyang'anywa kikombe mkononi.